Pete na Ufa

Bonde la Kilombero limelala kati ya miinuko miwili. Upande wa kaskazini-magharibi imesimama milima ya Udzungwa, na upande wa kusini-mashariki zimeinuka nyanda za Mahenge. Katikati hupita Mto Kilombero, ambao wakati wa masika hutanuka ukafanana na ziwa, na wakati wa kiangazi hurudi katika mkondo wake. Nchi iliyoumbwa hivyo, yenye mlima huku na maji kule, haiwapi watu wake njia nyingi za kupita. Baina ya Kidatu na Ifakara, reli, barabara na nguzo za umeme vimelazimika kushika ukanda mmoja chini ya mlima, vikifuatana kama watu waendao shambani kwa ujia mmoja.

Kwa sababu hiyo wenyeji wa bonde hawahitaji kufundishwa udhaifu wa njia moja. Wameusoma katika maisha yao. Reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, ni njia moja ya chuma: ikikatika mahali pamoja, treni ya kwenda na treni ya kurudi zote husimama. Mto wenyewe ulivukwa kwa kivuko miaka mingi. Mwezi wa Januari 2016 kivuko kilipinduka, na ikaonekana wazi kwamba riziki na uhai wa watu wa ng'ambo, wa Ulanga na Malinyi, vilikuwa vimening'inia katika kamba moja. Mgonjwa apelekwaye hospitali ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara, mpunga uendao sokoni na mwanafunzi arudiye shuleni, wote walingojea ukingo mmoja. Daraja lenye urefu wa mita 384 lilipofunguliwa mwezi wa Mei 2018, neema ilikuwa kubwa, wala hapana mwenye akili anayetamani kurudi kwenye kivuko. Walakini kwa hesabu ya njia, moja ilipokewa na moja.

Mazungumzo haya yanahusu umbo jingine la njia, yaani pete, na hasa pete ya mawasiliano itumikayo katika viwanda na katika mitambo ya umeme. Umbo hilo limebuniwa ili kukatika kwa mahali pamoja kusiwe kukatika kwa kazi yote. Ni ubunifu mzuri wenye manufaa makubwa. Lakini ndani yake umo mtego ambao mafundi huujua, na washika fedha aghalabu hawaujui: pete hustahimili jeraha la kwanza kwa kulificha. Ajengaye pete bila ya kuweka mtu wa kulitafuta jeraha hilo amenunua mnyororo kwa bei ya pete.

Ili neno hili lifahamike, yafaa kwanza kuitazama kazi yenyewe. Pale Kidatu, mahali Mto Ruaha Mkuu unapotoka milimani, pana mashamba ya miwa pande zote mbili za mto, na viwanda vya sukari vya Msolwa na Ruembe; kazi ya sukari mahali hapo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Muwa hauna subira. Ukishakatwa, sukari iliyomo huanza kupungua, na kila saa unayolala ni hasara. Kwa hiyo kiwanda cha sukari, popote kilipo, hufanya kazi usiku na mchana wakati wa msimu. Vinu hukamua, makapi ya miwa huchomwa katika tanuri za boila ili kutoa mvuke, mvuke huzungusha mitambo na kuchemsha maji ya miwa mpaka yawe mazito, na mwisho chembe za sukari hutengwa na molasi kwa mashine zizungukazo kwa kasi. Kila hatua huitegemea nyingine. Mvuke ukizidi ni hatari, ukipungua kazi husimama.

Zamani watu walitembea kutoka mtambo mmoja hadi mwingine wakisoma geji na kufungua vali kwa mikono. Katika viwanda vya siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na kompyuta ndogo zilizowekwa karibu na mitambo, nazo huarifiana kwa nyaya. Kanuni itumikayo sana katika kuarifiana huko huitwa Etheneti. Ilibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na wenzake katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, nayo ilikusudiwa kwa ajili ya ofisi. Ofisini, barua ikichelewa kidogo, karani hunywa chai kisha akaituma tena. Katika boila hapana nafasi ya chai. Habari ya kina cha maji ikikosa kufika, mtambo hauna budi kujizima ili kulinda maisha ya watu, na kuuwasha tena huweza kuwa kazi ya saa nyingi.

Habari hizo hupitia visanduku viitwavyo swichi. Swichi hupokea ujumbe, husoma anwani, na kuutoa kwa mlango uelekeao kwa mwenyewe. Kiwandani, ambako mitambo imepangwa kwa safu ndefu, njia nyepesi ni kuunganisha swichi ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, mpaka mwisho wa safu. Huo ni mnyororo, nao una tabia ile ile ya reli na kivuko. Waya ukikatwa na sururu, ukitafunwa na panya au ukiyeyushwa na joto, wote walio ng'ambo ya mkato huwa mabubu. Dawa yake yaonekana rahisi: uongezwe waya mmoja, swichi ya mwisho iunganishwe na ya kwanza, na mstari uwe duara. Hapo kila swichi itakuwa na njia mbili, ya kulia na ya kushoto. Moja ikikatika, ipo ya pili. Na gharama yake ni waya mmoja tu.

Lakini wahenga walisema kwamba njia mbili zilimshinda fisi, na msemo wao unaufaa mtandao huu kuliko walivyoweza kudhani. Etheneti ina upungufu mmoja wa kuzaliwa, nao ni kwamba ujumbe wake hauna umri. Ujumbe wa intaneti huandikiwa hesabu ya vituo unavyoruhusiwa kupita, na hesabu ikiisha ujumbe hutupwa. Ujumbe wa Etheneti hauna alama hiyo. Huendelea kutembea maadamu njia ipo. Tena kuna jumbe ambazo hazimwendei mmoja bali huwaendea wote, nazo swichi huzinakili na kuzitoa katika kila mlango isipokuwa ule zilikoingilia. Katika mnyororo jumbe hizo hufika mwisho zikakoma. Katika duara hapana mwisho. Nakala moja huenda kulia na nyingine kushoto, zote hurudi zilikotoka, zikatolewa tena, zikazunguka tena. Na kila mpya iongezwayo huungana na za zamani zisizokufa. Kwa muda mfupi nyaya zote hujaa uvumi ule ule, na habari ya kweli hukosa pa kupita. Mafundi huiita hali hiyo tufani. Hivyo duara lililofungwa ovyo, badala ya kuuokoa mtandao, huuangusha wote kwa pamoja, ilhali mnyororo uliokatika angalau huacha sehemu iliyo hai.

Dawa ya tufani ni ya ajabu kidogo kwa mtu anayeisikia mara ya kwanza: pete hufanywa salama kwa kuizuia isifungike. Mwaka 1985 Radia Perlman, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Digital Equipment Corporation huko Marekani, alibuni utaratibu ambao kwa huo swichi hushauriana zenyewe, zikachagua njia za kutumika, na kuzifunga zile za ziada mpaka zitakapohitajiwa. Utaratibu huo ulifanywa kanuni ya kimataifa mwaka 1990. Kasoro yake ilikuwa upole. Njia ilipokatika, swichi zilihitaji nusu dakika au zaidi kukubaliana juu ya njia mpya. Kwa karani hiyo si kitu; kwa kinu kinachozunguka ni milele.

Kwa hiyo mafundi wa viwanda walitunga kanuni zilizo nyepesi zaidi, zifaazo umbo la pete peke yake. Mojawapo ni ile iitwayo MRP, iliyomo katika viwango vya kimataifa vya IEC 62439. Kwa kanuni hiyo swichi moja huteuliwa kuwa msimamizi. Ina milango miwili katika pete, na mmoja wa milango hiyo huufunga, ujumbe wa kawaida usipite. Kisha, bila ya kuchoka, hutuma jumbe ndogo za kupima kwa pande zote mbili. Maadamu jumbe zinazotumwa kwa mlango huu zinarudi kwa mlango ule, msimamizi hujua kwamba pete ni nzima, na mlango hubaki umefungwa. Zikikosa kurudi mara kadhaa mfululizo, hujua kwamba mahali fulani pamekatika; basi huufungua mlango, na huwaamuru wenzake wasahau anwani walizozikariri na wajifunze njia upya. Kwa pete yenye swichi zisizozidi 50, mambo hayo yote yaweza kukamilika kwa muda usiozidi moja ya tano ya sekunde. Kinu hakisimami, na mwendeshaji hatambui.

Yapasa kuangalia jambo moja katika utaratibu huo. Usalama wa pete hautoki katika wingi wa njia zake peke yake, bali hutoka katika njia ya akiba iliyofungwa kwa makusudi na kupimwa kila wakati. Msimamizi haridhiki kwamba jana pete ilikuwa nzima. Huuliza sasa, na baada ya kitambo kidogo huuliza tena. Mashine imepewa desturi ambayo wanadamu huona taabu kuishika.

Bonde la Kilombero lina pete yake yenyewe, kubwa kuliko ya kiwanda chochote, nayo ni ya umeme. Kituo cha Kidatu, kinachotumia maji ya Ruaha Mkuu, kilianza kutoa umeme mwaka 1975, na mitambo yake minne ina uwezo wa megawati 204. Kituo cha Kihansi, kilichojengwa katika maporomoko ya Udzungwa na kuanza kazi katika miaka ya 1999 na 2000, kina megawati 180. Njia ya kilovolti 220 hutoka Kidatu kwenda Iringa. Nyingine hutoka Kihansi kwenda Iringa. Na ya tatu hufuata bonde kutoka Kihansi mpaka Kidatu. Tatu hizo zikitazamwa katika ramani hufanya pembetatu iliyofunga, na kila pembe yaweza kufikiwa kwa pande mbili.

Ifakara iko karibu na ubavu mmoja wa pembetatu hiyo. Hata hivyo kwa miaka mingi njia kubwa ilipita na mji haukunywa humo. Umeme wake ulikuja kwa waya mdogo wa kilovolti 33 kutoka Kidatu, safari ndefu kati ya miti, mashamba na mvua. Tawi likianguka, mji hulala gizani. Mji huo si wa taa za nyumbani tu. Una hospitali ambayo watu wa wilaya kadhaa huitegemea, na una taasisi ya utafiti wa afya ambayo chimbuko lake ni maabara iliyoanzishwa na Waswisi mwaka 1957, na ambayo imefanya kazi kubwa juu ya malaria. Jokofu la maabara haliwezi kuambiwa lisubiri. Baadaye, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, kilijengwa Ifakara kituo cha kupoza umeme kinachouchukua kutoka katika njia ile ya kilovolti 220 baina ya Kihansi na Kidatu. Mji uliokuwa ncha ya mnyororo ukawa kiungo cha pete.

Pete ya umeme mkubwa hutofautiana na pete ya habari, kwa maana umeme hauna uvumi wa kuzunguka. Pande zote mbili huweza kuwa wazi kwa wakati mmoja; ubavu mmoja ukiugua, swichi kubwa za ncha zake mbili huukata, na kazi huendelea kwa njia iliyobaki. Lakini swichi hizo kubwa nazo hazina budi kuarifiwa, na katika vituo vya kisasa huarifiwa kwa mtandao wa Etheneti. Mahali ambapo hata moja ya tano ya sekunde ni ndefu mno, hutumika kanuni nyingine ambayo hutuma kila ujumbe kwa pande zote mbili za pete papo hapo. Mpokeaji huitwaa nakala ifikayo kwanza, na ya pili huitupa. Hapo njia moja ikikatika, hakuna kuchelewa kokote. Kwa namna hiyo pete ndogo ya habari huilinda pete kubwa ya umeme, na mtu alalaye kitandani hospitalini hulindwa na zote mbili bila ya kuzijua.

Sasa ndipo unapofika mtego uliotajwa mwanzo. Mfano ufuatao si wa kiwanda fulani, bali waweza kuwa wa kiwanda chochote. Pete ina swichi 12, na chumba cha waendeshaji kimeunganishwa na swichi ya kwanza. Usiku wa masika maji yanaingia katika mfereji wa nyaya kati ya swichi ya tatu na ya nne, na waya unakufa. Msimamizi wa pete anafungua mlango wa akiba. Taa moja ndogo inabadilika rangi, mstari mmoja unaandikwa katika kumbukumbu za kompyuta, na vinu vinaendelea kukamua. Asubuhi kijana wa zamu anamwendea mkubwa wake wa kazi.

"Shikamoo, mzee. Usiku pete imekatika, lakini hakuna kilichosimama."

"Marahaba, mwanangu. Kama hakuna kilichosimama, tutaitazama msimu ukiisha. Leo tuna pampu mbovu, na miwa imejaa uwanjani."

Jibu hilo halikutoka kwa mtu mvivu. Pampu mbovu inaonekana, miwa iliyojaa inaonekana, na mkubwa wa kazi huulizwa juu ya vinavyoonekana. Basi unapita mwezi, na wa pili, na wa tatu. Katika mwezi wa nne mashine ya kuchimba mitaro inaukata waya ulio kati ya swichi ya nane na ya tisa. Mara hiyo swichi ya nne, ya tano, ya sita, ya saba na ya nane zinabaki kisiwani, zimetengwa na chumba cha waendeshaji kwa pande zote mbili. Mitambo mitano inapoteza sauti kwa pamoja, na boila ikiwa mojawapo, inajizima. Watu wanakusanyika wakilaumu: walinunua pete, na pete imewasaliti. Lakini pete haikumsaliti mtu. Kwa miezi minne hapakuwa na pete mahali pale. Palikuwa na mnyororo uliokuwa ukiitwa pete.

Hesabu nyepesi yatosha kuonyesha ukubwa wa tofauti. Na ichukuliwe pete ikatikayo mara mbili kwa mwaka. Kila mkato ukizibwa kwa siku moja, pete huishi kama mnyororo siku 2 katika siku 365, na ili madhara yatokee, hapana budi mkato mwingine uangukie ndani ya siku hizo chache. Kila mkato ukiachwa miezi mitatu, pete huwa mnyororo kwa nusu ya mwaka. Waya ni zile zile, swichi ni zile zile, na fedha iliyolipwa ni ile ile. Kilichotofautiana ni mtu mmoja na daftari moja.

Mnyororo ukikatika hupiga kelele: kazi husimama, simu hulia, wakubwa huja mbio, na fundi hupewa gari na ruhusa. Pete ikikatika hunong'ona. Hivyo, kwa wema wake, pete humpokonya fundi yule shahidi ambaye siku zote alimsaidia kuomba waya, mafuta na watu, yaani hasara inayoonekana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini methali hiyo ilitungwa kwa ukuta wa udongo, ambao ufa wake huonekana na kila apitaye. Ufa wa pete haumwonekei apitaye. Huonekana kwa aliyepewa kazi ya kuutazama, na asipokuwapo mtu huyo, ni sawa na kwamba ufa haupo mpaka siku ukuta unapoanguka.

Kuna na mtego wa pili, ndugu wa huo wa kwanza, nao ni njia mbili ambazo kwa kweli ni moja. Tanzania ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano mwaka 2009, nao ulipangwa kwa pete: ya kaskazini, ya kusini na ya magharibi, ili mji usinyamazishwe na mkato mmoja. Kuelekea ng'ambo ya bahari, mkongo wa Seacom ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Kwa jina, kwa mwenyewe na kwa mkataba, hizo zilikuwa njia mbili. Lakini tarehe 12 Mei 2024 yote miwili ilikatika katika bahari ya upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Intaneti ilififia kwa wengi mpaka njia nyingine zilipopatikana. Mikataba ilikuwa miwili, lakini mahali pale kitanda cha bahari kilikuwa kimoja.

Jambo hilo huwahusu watu wa bonde kwa karibu. Mahali ambapo mlima na mto vimeacha ukanda mwembamba, ni rahisi sana mikono miwili ya pete kulazwa katika mtaro mmoja kando ya barabara moja. Katika karatasi mchoro ni duara zuri. Katika ardhi ni mstari uliokunjwa. Mafuriko yatakayoichukua barabara yataichukua mikono yote miwili. Kiwandani mambo ni hayo hayo, nyaya mbili zikipitishwa katika bomba moja kwa kuokoa siku mbili za kuchimba. Kwa hiyo pete haikaguliwi kwa macho yaliyo juu ya mchoro. Hukaguliwa kwa miguu, mtu akitembea kutoka swichi hadi swichi na kuuliza ni kitu gani kimoja kiwezacho kuzikata njia zote mbili.

Yuko atakayesema kwamba maneno haya ni ya nchi tajiri. Kwamba nchi yenye haja nyingi haiwezi kuweka waya wa ziada, na juu yake kumlipa mtu wa kuutazama. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake si kudai pete kila mahali. Pale ambapo kazi ikisimama saa moja hapana aumiaye, mnyororo watosha, maadamu fundi yu karibu. Lakini pale ilipoamuliwa kwamba kusimama hakukubaliki, na fedha ya waya wa pili ikatolewa, mtazamaji si anasa iliyoongezwa juu yake. Yeye ndiye sehemu ya pete iliyo rahisi kuliko zote. Anayeacha kumlipa hakuokoa kitu. Amepoteza bei ya waya wa pili. Tena, mahali ambapo njia ya pili haiwezekani kabisa, kama daraja la mita 384 ambalo mwenzake hatajengwa kesho, haja ya kutazama huzidi. Njia ya pekee yataka kukaguliwa kuliko njia yenye msaidizi, kwa maana haina wa kuisamehe.

Vyuo vina sehemu yao katika jambo hili. Mwanafunzi hufundishwa kuchora pete, kueleza tufani, na kuhesabu muda ambao msimamizi huchukua kufungua mlango wa akiba. Naye huulizwa hayo katika mtihani. Ni mara chache huulizwa ni nani atakayepokea habari ya mkato saa nane ya usiku, ana gari gani, na jina lake limeandikwa wapi. Maswali hayo huonekana madogo, ya utawala, yasiyostahili elimu. Lakini kanuni zote za kimataifa zilizotungwa tangu 1985 hadi leo zimeishughulikia sekunde ya kwanza baada ya mkato. Siku ya pili na ya tatu zimeachiwa watu.

Kazi iliyoachiwa watu si ngumu. Habari ya mkato iende kwa mtu mwenye jina, wala isiishie katika kumbukumbu ambazo hapana azisomaye. Kila mkato uandikwe siku ya kukatika na siku ya kuzibwa, na mkuu asome urefu wa muda kati ya siku hizo mbili kama asomavyo hesabu ya fedha. Na walau mara moja kabla ya msimu kuanza, waya mmoja uchomolewe kwa makusudi, mchana, mafundi wakiwa tayari, ili ijulikane kama mlango wa akiba bado hufunguka. Kiwanda kifanyacho hivyo hugundua udhaifu wake kwa saa iliyochaguliwa na mafundi wake. Kisichofanya hivyo huugundua usiku wa masika, miwa ikiwa imejaa uwanjani, na fundi aliyeijua pete akiwa amekwisha kuhamia mji mwingine.